Hii Gini ya 0.38 imepima sahani tu, mali za wakubwa nani anazipima??

Wakuu habari za jioni, naomba nitoe dukuduku maana leo nimemsikiliza jamaa mmoja redioni mpaka nikazima. Eti pengo la walionacho na wasionacho hapa Bongo sio kubwa kihivyo, ushahidi wake Gini (kipimo cha pengo hilo) ya 0.38 kwenye ule Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18. Sifuri maana yake wote sawa, moja maana yake mtu mmoja kabeba vyote. Haya, mbona haambii watu kwamba hiyo 0.38 imekokotolewa kwenye MATUMIZI? Yaani kaya imekula nini, mkaa wa shilingi ngapi, nauli, sabuni.

Mtu akinunua viwanja vitatu Kigamboni mwezi huo, hayo sio matumizi, hayaingii. Hela iliyolala benki haiingii, hisa haziingii. Jamani tumbo la tajiri nalo lina mwisho, kinachomfanya awe tajiri ni kile ambacho hajakila! Halafu utakuta mtu anachukua hiyo namba anailinganisha na Brazil ambako wanapima kipato, anatuambia tuko vizuri. Vizuri wapi?

Njooni huku Mbagala sasa. Jirani yangu mama ntilie kachukua mkopo wa kausha damu (ile ya riba kali), kanunua mchele, mafuta, madaftari ya watoto. Karani wa takwimu angemkuta wiki hiyo angeandika kilo zote zile na mama angeonekana kapanda, kumbe anakula deni. Yale marejesho anayofuatwa kila jioni na kijana wa bodaboda sio matumizi, kwa hiyo kwenye hesabu hayapo, na siku walipokuja kubeba TV na mtungi wa gesi nayo haipo. Huku karani anakaribishwa mpaka kwenye kigoda. Akifika Masaki kwa matajiri anaongea na mlinzi getini, bosi kasafiri.

Na mstari wenyewe wa umaskini, utafiti huohuo, shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima. Gawa kwa 30 unapata 1,644 kwa siku, humo kuna kula, kuvaa, sabuni, kila kitu. Yani mwenye 1,700 alishatoka kwenye umaskini, hongera zake. Ndo hapo tukaambiwa umaskini umeshuka toka asilimia 28.2 ya 2011/12 hadi 26.4, sawa, sibishi kwamba ulishuka, ila msitumie daftari la kuhesabu vitumbua kunieleza nani anamiliki nchi.

Na nyie serikali msiniambie data hakuna. Hati za viwanja zipo ardhi, magari yapo TRA, wenye kampuni wapo BRELA. Kodi ya jengo mliichomeka kwenye LUKU 2021, wakati huo elfu moja kila mwezi, mpaka mpangaji wa chumba kimoja anakatwa kwa nyumba isiyo yake. Mita ya mama ntilie mmeiona, ila mwenye nyumba 14 hamumjui??

Wachumi wa humu njooni mtetee hii hesabu, na msije na lugha za semina.