Je, haidrojeni peroksidi huigusa DNA yenyewe?

Mwalimu, Malindi
Assalaam aleikum. Tumezoea kufundisha kwamba jua likizidi, kloroplasti hutoa haidrojeni peroksidi inayodhuru seli. Mwanafunzi wangu amesoma kuwa peroksidi hiyo hiyo huwasha jeni. Je, huiendea DNA moja kwa moja, au ipo protini inayopokea habari hiyo?

Maalim wa Lamu
Waaleikum salaam, mwalimu. Kazi hiyo ni ya protini, kwani peroksidi inayoifikia DNA haifanyi ila kuiharibu. Kinachopokea habari ni sisteini, asidi amino yenye salfa: sisteini mbili zilizokaribiana zikipoteza elektroni hushikana, na zikirudishiwa huachana, na kwa hivyo umbo la protini hubadilika pamoja na mahali inapokwenda.

Mfano uliochunguzwa sana ni NPR1 ya Arabidopsis, gugu dogo la jamii ya kabichi. Mmea ukiwa mzima, sehemu kubwa ya NPR1 hubaki nje ya kiini cha seli, ikiwa imefungamana kama mashua zilizofungwa pamoja gatini. Vimelea wakivamia, asidi ya salisiliki, homoni ya kinga ya mmea, huongezeka, hali ya redoksi, yaani mizani ya kupata na kupoteza elektroni ndani ya seli, hubadilika, vifungo vya sisteini hukatwa, na NPR1 huingia katika kiini. Yenyewe haishiki DNA. Hushikana na protini za TGA zilizokwisha kuishika, ndipo jeni ya kinga PR1 inapoanza kunakiliwa. Hayo yalionyeshwa mwaka 2003.

Mwanafunzi wa chuo, Malindi
Kwa idhini ya maalim, naongeza kwamba mwaka 2008 ilibainika kuwa thioredoksini, protini zinazozirudishia sisteini elektroni, ndizo zinazokata vifungo hivyo, ilhali nitriki oksidi, ikijipachika kwenye sisteini iliyo nafasi ya 156 katika NPR1, huirudisha NPR1 kwenye mafungamano. Aidha, picha za muundo za mwaka 2022 zilionyesha NPR1 ikifanya kazi na TGA ikiwa jozi, kwa hiyo kauli iliyozoeleka, kwamba vifungo vikikatwa NPR1 hufanya kazi mojamoja, inahitaji kurekebishwa.

Mwalimu, Malindi
Ahsanteni. Na jeni zilizomo ndani ya kloroplasti yenyewe?

Maalim wa Lamu
Hizo huongozwa kwa njia fupi zaidi. Katika haradali, mwaka 1999, ilionekana kwamba plastokwinoni, mbebaji wa elektroni kati ya mifumo miwili ya mwanga, ikijaa elektroni, unakili wa jeni za mfumo wa kwanza huongezeka na ule wa mfumo wa pili hupungua, hadi mizani irejee. Wengi huku huniuliza kuhusu mikoko yetu, ila mimi hupenda kuanza na mimea iliyopimwa.