Kigoma: Nimeuziwa "kibali" cha picha za mwezini ambazo ni za bure! Wenye steshenari mnatuona mabwege?

Wakuu, habari za usiku. Mods naomba msiupeleke huu uzi jukwaa la elimu mkauzika huko. Huu ni uzi wa mtu aliyepigwa mchana kweupe.

Mimi ni mwalimu wa sayansi kwenye sekondari moja hapa Kigoma mjini. Wanafunzi wangu wengi baba zao ni wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, na mwezi wanaujua kuliko mimi: ukijaa, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala mchangani na nyumbani hela inakata. Kwa hiyo nilipoanza mada ya mfumo wa jua maswali hayakuisha. Mmoja akauliza yale madoa meusi ni nini. Nikamjibu ni tambarare za lava iliyoganda zamani mno, na kwamba Julai 1969 watu walitua kwenye doa mojawapo, linaloitwa Bahari ya Utulivu, japo halina tone la maji. Darasa zima likaguna. Nikaona isiwe tabu, nitaleta picha nibandike ukutani.

Nikaenda steshenari moja mjini (jina nalihifadhi kwa leo). Kijana wa kompyuta akanitolea picha tatu kubwa, kuchapa 15,000 kila moja. Sina neno, wino wa rangi ni ghali na umeme wenyewe mnaujua. Kuja kusoma risiti, chini kuna mstari mwingine: "Haki ya matumizi ya picha 30,000." Nikamuuliza, kaka, haki ya nani? Akanijibu bila hata kupepesa macho: "Ticha, hizi ni za NASA, shirika la anga la Marekani, zina haki miliki. Sisi tumeshalipia. Ukizitumia bila kibali unakamatwa."

Nikalipa. Ndiyo, nililipa, chekeni mmalize.

Usiku nikanunua bando nikaanza kuchimba, na hapo ndipo presha ilipopanda. Picha zilizopigwa na watumishi wa serikali ya Marekani wakiwa kazini hazina haki miliki kwa sheria ya huko kwao, na NASA wenyewe wanasema picha zao kwa kawaida mtu anaruhusiwa kuzitumia darasani, kitabuni au kwenye maonyesho bila kuomba ruhusa. Wanachokataa ni kuichezea nembo yao, au kutangaza bidhaa zako kana kwamba wao wamezipitisha. Basi! Tangu 2015 kuna picha zaidi ya 8,400 za Apollo, zile safari za Wamarekani kwenda mwezini, zimewekwa kwenye tovuti ya picha ya Flickr, kwenye hifadhi inayoitwa Project Apollo Archive, mtu yeyote anapakua. Na zile za chombo cha LRO, kinachouzunguka mwezi tangu 2009, hutolewa kwa umma kila baada ya miezi mitatu, na kwenye baadhi yake unaziona hadi njia zilizokanyagwa na wanaanga. Bure, jamani. Mimi nimetoa 30,000 ya mfukoni mwangu.

Sasa sikilizeni kilichoniuma kuliko hela. Picha ya kwanza ni ile maarufu ya mwanaanga aliyesimama amekutazama. Wao wameandika chini "Neil Armstrong mwezini". Si Armstrong huyo, ni Buzz Aldrin, mwenzake aliyetua naye! Armstrong ndiye aliyekuwa na kamera muda mwingi, ndiyo maana picha zake mwenyewe akiwa pale juu ni za kuhesabu. Lakini kwenye hii hii yupo: ukisogea karibu ukakikagua kioo cha kofia ya Aldrin, unamwona mpiga picha kwa mbali, kadogo keupe, pembeni ya chombo chao. Nilitaka watoto wamtafute wenyewe, mmoja mmoja, pua ukutani. Na steshenari wakapiga chapa ya duka lao, maandishi ya kijivu na namba ya simu, wapi? Juu ya kioo cha kofia. Armstrong amefunikwa na tarakimu 0 na 7. Mtu kasafiri mpaka mwezini kuja kuzibwa na namba ya kutumia hela!

Nilipowapigia wakaniambia chapa ni ya "kulinda kazi yao". Kazi gani? Kamera ilikuwa Hasselblad, iliachwa hukohuko mwezini ili kupunguza uzito, zikarudi filamu tu. Wao kazi yao ilikuwa kubonyeza panya.

Ya pili ni dunia iliyopigwa na Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, kilomita kama 29,000 kutoka hapa, Afrika yetu imejaa katikati. Hiyo haikuharibiwa sana. Ya tatu ni nyayo, imekuzwa kutoka kwenye faili dogo mpaka imekuwa kama ugali uliomwagika.

Najua kuna mdau atasema si picha zote za mwezi ziko huru. Kweli, Wachina na Wahindi nao wametua na wana masharti yao, yasome kabla hujachapa. Na wa kusema "si ungewaonyesha kwenye simu", njoo wewe uzungushe simu moja kwa watoto 62 tuone.

Kesho saa nne narudi pale na risiti. Kuchapa nitawaachia, 30,000 yangu naitaka. Halafu nimeshapakua picha 200 za ukubwa kamili, bando limeteketea lote. Mwalimu yeyote wa Mwanga, Gungu au Ujiji anayezitaka aje na flashi yake tupu, namwekea bila senti. Na mwenye kujua printa kubwa ya rangi isiyo na tamaa hapa mjini, anicheki PM.