Tupeane uzoefu: makosa ya aibu ya kujitengenezea vitu nyumbani, na jinsi ya kuyakwepa

Mwanzisha mada, Ipagala

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa yale makosa ambayo mtu akiyafanya hataki hata jirani ajue. Tuwekeane utaratibu: hakuna haja ya kusema nani alifanya. Taja kosa, sababu yake na hatua za kulirekebisha, ili mtu wa Nzuguni au Kongwa anayeshika bisibisi usiku huu apate cha kufuata.

Naanza na linalojirudia sana hapa mjini Dodoma: koki iliyoachwa wazi wakati wa mgao. Maji yamekatika, mtu anafungua koki ya sinki kujaribu, haitoi kitu, anaiacha hivyohivyo anaenda kazini. Maji yanarudi nyumba ikiwa haina mtu, na kwenye sinki kuna sahani au dodoki limeziba tundu. Koki ya nusu inchi yenye presha ya kawaida inaweza kutoa lita 10 kwa dakika. Kwa saa tatu ni lita 1,800. Zikitandaa kwenye sebule ya mita 4 kwa 5 ni kina cha sentimita 9, yaani miguu ya makochi, magodoro ya chini na soketi za ekstensheni vyote vimeshaingia majini.

Koki za kuzungusha ndizo zinazoponza zaidi. Ya kunyanyua ukiitazama tu unajua iko wazi au imefungwa. Ya kuzungusha ikiwa haitoi maji huwezi kujua kwa macho, na anayekuja baada yako anaizungusha zaidi upande wa kufungua akidhani anaifunga.

Dawa yake: maji yakikatika, funga valvu inayopeleka maji ndani ya nyumba. Acha koki ya nje tu, ile ya uani, ndiyo iwe ya kuangalizia, na ndoo iwe chini yake. Maji yakirudi, yaache yatoke hapo kwanza mpaka yaache kukoroma na rangi ya udongo iishe, ndipo ufungulie ya ndani. Ukifungulia ndani moja kwa moja, ule mchanga wote unakwenda kuziba chujio la mashine ya kufulia na matundu ya bomba la kuogea.

Umeme nao una kosa la aina hiyohiyo. Pasi imelazwa juu ya shati, umeme umekatika, mtu anatoka kwenda dukani. Thamostati ya pasi inadhibiti joto, haizimi pasi. Kwenye alama ya pamba chuma kinafika karibu nyuzi 200, na kitambaa kilichokandamizwa hapo kinaungua taratibu mpaka kinashika meza. Umeme ukikatika, chomoa. Friji nayo chomoa, na ukirudi subiri dakika 5 kabla ya kuichomeka, maana kompresa ikilazimishwa kuwaka kabla gesi haijatulia inavuta umeme mwingi na kuchemka.

Mchangiaji, Miyuji

Mkuu asante kwa mada. Swali: mtu akikuta nyumba imejaa maji na umeme unawaka, aingie?

Fundi umeme, Kisasa

Asiingie. Meni swichi ikiwa nje au mlangoni pakavu, zima hapo kwanza. Ikiwa ndani na lazima ukanyage maji kuifikia, piga simu ya dharura ya shirika la umeme wakukatie kwenye nguzo. Ekstensheni iliyolala sakafuni majini inaweza kuua hata kama breka haijaanguka, kwa sababu breka ya kawaida inaangalia wingi wa umeme, haiangalii umeme unaovuja kupitia mtu.

Sasa langu. Hita ya kuchovya kwenye ndoo, hasa Juni na Julai Dodoma inapokuwa na baridi. Makosa ni matatu na yote yanatokana na mpangilio wa hatua. La kwanza ni kuwasha kabla ya kuchovya: koili ikiwa hewani inakuwa nyekundu ndani ya sekunde chache, ganda linapasuka na hita imekufa. La pili ni kuitoa ikiwa bado inawaka, matokeo yake ni hayohayo. La tatu ndilo linaloua: kupima joto la maji kwa kidole wakati hita iko kwenye soketi. Koili ikiwa na ufa mdogo, maji yote ya ndoo yana umeme.

Fuata hivi. Jaza maji, chovya mpaka alama ya kiwango iliyochorwa kwenye shingo, weka kijiti juu ya ndoo hita ining'inie katikati isiguse plastiki, kisha chomeka na kuwasha. Ukimaliza zima, chomoa, iache majini kama dakika moja ipoe, ndipo uitoe. Usitumie sufuria wala ndoo ya bati. Kwa muda, hita ya wati 1,500 inapandisha lita 10 kutoka nyuzi 22 hadi 42 kwa takriban dakika 10, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiwasha na kurudi kulala.

Maji yetu ya visima ni magumu, na ule utando mweupe unaoganda kwenye koili ndio unaoichosha: joto linashindwa kutoka, chuma cha ndani kinazidi kuchemka. Kila unapouona, loweka koili saa moja kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, hita ikiwa imechomolewa na plagi ikiwa kavu. Usikwangue kwa kisu.

Ekstensheni: waya wa milimita za mraba 0.75 unabeba takriban ampea 6. Hita peke yake inavuta 6.5, ukiongeza pasi ya wati 1,200 umefika karibu 12. Na kama waya umeviringishwa, joto linabaki humohumo mpaka ganda linayeyuka. Kwa mzigo huo tafuta waya wa 1.5, na uukunjue wote.

La mwisho ni la wanaojifunza. Ukishapima ampea kwa maltimita (mita ya kupimia umeme), waya mwekundu unabaki kwenye tundu la 10A. Kesho unachokoa soketi kupima volti. Ndani ya tundu lile ukinzani ni karibu na sifuri, hivyo umeunganisha laivu na nyutro kwa mikono yako: cheche, breka chini, na mita za bei rahisi ambazo tundu hilo halina fyuzi zinaweza kulipuka. Kila ukimaliza ampea rudisha waya kwenye tundu la V hapohapo kabla hujaiweka mita chini. Na usiamini rangi za waya. Nyumba za zamani nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro, mpya kahawia ni laivu na bluu ni nyutro, na nyumba zilizoongezwa vyumba zina zote mbili ukutani mmoja. Pima.

Fundi bomba, Nkuhungu

Naunga mkono. Upande wangu ni mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa, maana siku hizi mashine ya kuchomelea inaazimwa kwa jirani na kila mtu anajaribu.

Joto la mashine ni nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linapashwa sekunde 5, unaingiza ndani ya sekunde 4, na kina cha kuingiza ni milimita 14. La 25 ni sekunde 7 na kina cha 16. Weka alama kwa penseli kabla ya kupasha. Wengi huongeza sekunde wakidhani watapata kiungo imara zaidi. Plastiki iliyozidi inasukumwa ndani na kuziba tundu, na koki inatoa maji kama uzi. Hapo mtu anabadilisha koki, anabadilisha tena, anailaumu mamlaka ya maji, kumbe kizuizi kiko kwenye kona aliyoichomelea mwenyewe. Ukishaingiza usizungushe, na usikiguse kiungo dakika 2. Agosti na Septemba upepo wetu una vumbi: futa bomba na kiungo kwa kitambaa kikavu hapohapo kabla ya kupasha, kwa sababu chembe moja ya mchanga inaacha njia ya maji kuvuja.

Halafu kuna hili la mnara wa simtanki na hita ya kuogea isiyowaka. Mtu anasema mnara wangu ni mita 3, presha ipo. Presha haipimwi kutoka chini. Inapimwa kutoka usawa wa maji kwenye tanki mpaka kichwa cha bomba la kuogea, na kila mita 1 ni baa 0.1. Kichwa kikiwa mita 2 juu ya sakafu, umebakiwa na mita 1 na kina cha maji yaliyomo tankini. Hita nyingi za papo kwa papo zina swichi inayosukumwa na maji, na kwa presha hiyo haifunguki. Ama uinue mnara ama uweke pampu ndogo ya kuongezea presha. Ukiinua mnara kumbuka lita 1,000 ni kilo 1,000 kamili, na mirunda iliyoliwa na mchwa haibebi tani.

Tepu ya uzi: zungusha kufuata mshale wa saa ukiitazama ncha ya bomba, vinginevyo ukikaza inajivua yenyewe. Koki ya plastiki kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Basi.

Fundi simu, Majengo

Nitakuwa mfupi. Vumbi la Dodoma linajaa kwenye tundu la chaji, simu inakataa chaji, mtu anachukua sindano. Sindano ni chuma, inakunja pini au kuunganisha mbili zisizotakiwa, na tundu linaungua. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao, kwangua taratibu ukutani mwa tundu, geuza simu chini na gonga.

Simu iliyoingia maji usiitie kwenye mchele. Mchele hauvuti maji yaliyoko chini ya bodi, na unga wake unaingia tunduni. Zima, toa laini na memori kadi, simamisha tundu likitazama chini mbele ya feni, usichaji angalau saa 24. Iliyoingia maji ya sabuni au ya chumvi ifunguliwe na kusafishwa kwa spiriti safi haraka, kwa sababu kutu haisubiri.

Na ukifungua simu mwenyewe, skrubu zina urefu tofauti hata kama vichwa vinafanana. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inatoboa bodi. Chora umbo la simu kwenye karatasi, na kila skrubu iweke pale ilipotoka.

Mama wa Makole

Wanangu, na la jikoni lipo. Supa glu ikimwagikia gauni la pamba au kitenge inachemka ghafla, inaunguza mpaka ngozi. Usiifute kwa kitambaa cha pamba wala kwa pamba. Vidole vikishikana visivutwe: loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, zungusha taratibu kama unaviringisha penseli, au tumia dawa ya kufutia rangi ya kucha yenye asetoni. Ikiingia jichoni, maji safi mengi na hospitali, asetoni isisogezwe.

Pilipili mkononi haitoki kwa maji. Paka mafuta ya kula, sugua, kisha osha kwa sabuni ya vyombo, kabla hujamshika mtoto.

Seremala, Chang'ombe

Mama umenena. Mimi naleta mlango. Mvua zetu zinaanza Desemba mpaka Aprili, mlango wa mbao unavimba, unakwama, mtu anachukua randa anaushusha. Ikifika Septemba hewa ni kavu kabisa, mbao imesinyaa, na pembeni pana upenyo wa kupitisha kidole, vumbi na nge vinaingia. Mbao inavimba na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki. Ndiyo maana wanaopunguza juu na chini wanaharibu bure.

Kabla ya randa, kagua bawaba ya juu. Mara nyingi mlango haujavimba, umeshuka kwa sababu skrubu zimelegea. Toa skrubu, jaza tundu kwa vijiti vya mbao vyenye gundi, acha ikauke, rudisha skrubu ndefu kidogo. Ikiwa bado unakwama, paka chaki kwenye fremu, funga na kufungua, pale chaki iliposhika mlangoni ndipo pa kugusa, na pigia msasa tu. Kazi ya randa isubiri Juni. Upenyo wa milimita 3 pembeni unatosha mwaka mzima kwa mninga uliokauka vizuri. Paini mbichi haina ahadi hiyo. Ukimaliza piga vanishi hata ukingo wa juu na wa chini, sehemu ambazo hakuna anayeziona na ndizo zinazokunywa unyevu zaidi.

Mchangiaji, Bahi

Sisi huku sola ndiyo inatupa aibu. Unganisha betri kwenye kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji kutoka paneli kwenda betri) kwanza, paneli baadaye. Kufungua ni kinyume, paneli kwanza. Ukianza na paneli, kontrola nyingi zinashindwa kujua betri ni ya volti 12 au 24, na nyingine zinaungua. Tena kwenye sola nyeusi ni hasi, msichanganye na zile rangi za ukutani.

Betri ya maji isiongezwe maji ya kisima, chumvi inaua sahani za ndani. Tumia maji ya betri ya dukani. Pima baada ya kuipumzisha saa chache: volti 12.7 imejaa, 12.0 imebaki kidogo sana, usiisukume chini ya hapo kwa ajili ya kumalizia mpira kwenye runinga.

Mchangiaji, Miyuji

Na paneli zikishika vumbi ndugu yangu? Kuna wanaozimwagia maji mchana.

Mchangiaji, Bahi

Hapana, kioo kikiwa cha moto maji baridi yanaweza kukipasua. Osha alfajiri, kitambaa laini na maji, kisha futa mpaka ikauke, kwa sababu maji yetu yakikaukia juu yanaacha madoa ya chokaa yanayoziba mwanga kuliko vumbi lenyewe. Ielekeze kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha mvua ya kwanza iisafishe yenyewe. Ikilazwa bapa kabisa, tope linakusanyika kwenye ukingo wa chini na kufunika mstari mzima wa seli.