Reli ya Malindi–Mombasa: tudai treni au tutenge ardhi kwanza?

Mpangamji: Malindi inatanuka, na safari ya Mombasa, kama kilomita 120, inategemea barabara kuu moja. Reli naiunga mkono, ila kazi ya kwanza ni kutenga ukanda wa ardhi. Upana wa mita 40 unachukua hekta 4 kila kilomita. Njia ikipita kwenye mikorosho leo, nafuu; ikingoja mpaka wajenge maghorofa, hatutaiweza.

Barabara Kwanza: Mwenzangu, behewa zilizobeba watu 500 ni sawa na matatu 36 za abiria 14, hilo silipingi. Lakini matatu inakushusha mlangoni. SGR, reli mpya ya Mombasa–Nairobi, ilipofunguliwa 2017, stesheni ya Mombasa iliwekwa Miritini, nje ya kisiwa. Anayekwenda kisiwani anashuka na mizigo yake kutafuta gari jingine. Mkikwepa kujenga madaraja kwenye hori za bahari za Mtwapa na Kilifi mkazunguka bara, stesheni zenu zitakuwa hivyo hivyo. Dakika mlizookoa njiani zitaliwa na bodaboda.

Fundi Reli: Hapo umegusa penyewe. Madaraja ni ghali, lakini stesheni iliyo mbali na mji haipati abiria wa kila siku. Na msidhani njia moja ya reli inatosha kwa vyovyote. Tuseme vipishanio, yaani vipande vya njia mbili ambapo treni hupishana, viko kila kilomita 20 na treni zinakwenda wastani wa kilomita 60 kwa saa. Kila kipande ni dakika 20. Ya kwenda ikiwa ndani, ya kurudi inangoja. Kwa hiyo upande mmoja unapata treni moja kila dakika 40, na ukihesabu kubadilisha njia na kutoa ishara unakaribia 50. Moja ikichelewa, inayokuja inangoja kipishanioni, na iliyo nyuma yake vilevile. Kipishanio kikiwa kifupi kuliko treni, mkia unabaki njia kuu na hakuna kupishana. Dawa ni kuvisogeza karibu palipo na safari nyingi, yaani Mtwapa hadi Kilifi, na kununua ardhi ya njia ya pili tangu mwanzo hata kama mataruma yake yatalazwa baadaye. Na upana wa reli, yaani nafasi kati ya vyuma viwili, uamuliwe mapema: reli ya zamani ni milimita 1,000, SGR ni 1,435. Ukichagua usiolingana na unakoungana, abiria na mizigo vyote vinahamishwa.

Barabara Kwanza: Na watu walio kwenye huo ukanda? Hapa pwani kuna nyumba bila ardhi: ukuta na minazi ni ya mtu, kiwanja ni cha mwingine.

Mpangamji: Swali la haki kabisa, na linaanzia sheria ya hati za ardhi ya 1908, ambayo chini yake wengine walipata hati na wengine wakabaki bila. Ibara ya 40(4) ya Katiba ya Kenya inaruhusu kumlipa mkaaji wa nia njema asiye na hati. Lakini inaruhusu tu, hailazimishi. Kwa hiyo orodha iandikwe kabla ya mistari kuchorwa: nyumba, mnazi kwa mnazi, mwembe kwa mwembe, makaburi, visima, na jina la anayekaa liandikwe kando ya la mwenye kiwanja.

Barabara Kwanza: Orodha hiyo ikibandikwa kwa chifu wiki kadhaa watu waisome na kusahihisha, pingamizi langu la ardhi naliondoa. La stesheni bado nalo.