Kuishi jirani na wanyamapori Uganda: tupeane uzoefu

Mkulima wa Kasese

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Nimeanzisha mada hii kwa ajili ya wale wanaolima, kuvua au kufuga kando ya hifadhi zetu, kwa sababu habari nyingi za uhifadhi huandikwa na watu wanaofika asubuhi na kuondoka jioni, ilhali anayekesha na tembo ni mkulima. Naomba kila mmoja aeleze jambo alilolishuhudia mwenyewe, liwe lilifaa au lilishindikana, na atuambie sababu yake.

Naanza na kwetu. Shamba langu la mahindi limepakana na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyotangazwa mwaka 1952. Tembo huja hasa mahindi yanapokaribia kukomaa, na usiku mmoja wa kundi dogo unatosha kuteketeza chakula cha familia cha msimu mzima. Kijijini kwetu tulianza na handaki. Tembo hawezi kuruka, kwa hiyo handaki lenye kina cha takriban mita 2 na upana kama huo humzuia kweli, lakini mvua zikinyesha kingo humomonyoka, tope hujaa chini, na tembo naye hujifunza kuporomosha udongo kwa miguu ya mbele mpaka apate mteremko wa kupitia. Mradi ulioleta fedha za kuchimba haukuacha hata shilingi ya matengenezo, na hapo ndipo handaki lilipotushinda.

Baadaye baadhi yetu tuliweka mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, hivyo tembo akisukuma waya mizinga ya jirani yote huyumba na nyuki hutoka kwa hasira. Ngozi ya tembo ni nene, lakini nyuki humchoma pembezoni mwa macho na ndani ya mkonga, na maumivu hayo hayasahau. Udhaifu wake ni kwamba kiangazi kikiwa kikali nyuki huhama, na mzinga mtupu haumtishi mnyama kwa muda mrefu. Hata hivyo mimi naupenda uzio wa nyuki kuliko handaki, kwa kuwa asali huuzwa hata katika msimu ambao tembo hawakuja.

Kuhusu fidia, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka mpango wa kumlipa mtu aliyejeruhiwa au kuharibiwa mazao na wanyama nje ya hifadhi. Nilipeleka madai yangu pamoja na picha katika ofisi niliyoelekezwa, nikaambiwa nisubiri, na mpaka leo nasubiri.

Mwongozaji wa Mabamba

Asante, mzee wangu wa Kasese. Mimi natokea kwenye kinamasi cha Mabamba, wilaya ya Wakiso, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ambako mnyama wetu mkubwa ni ndege: bulwe, yule wa kijivu, mrefu, mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Wazee wetu walikuwa wavuvi wa kamongo, na waliamini kwamba mvuvi akikutana na bulwe asubuhi atarudi na mtumbwi mtupu, kwa hiyo walimfukuza, na wengine walimuua.

Ukitazama kwa makini utaona chanzo cha uadui huo. Bulwe naye anamtegemea kamongo. Husimama juu ya majani yanayoelea bila kutikisika kwa muda mrefu sana, akingoja kamongo apande juu kuvuta hewa, kisha hujiangusha mzima mzima majini na kuibuka na samaki pamoja na fungu la majani mdomoni, ambayo huyaachia pole pole huku akimbana samaki asiponyoke. Pale bulwe alipo pana kamongo, na pale penye kamongo mvuvi naye yupo.

Wageni walipoanza kufika kumtazama, vijana wa mwalo walijiunga katika chama, wakagawana zamu za mitumbwi na kujifunza majina ya ndege wote wa pale. Mwaka 2006 Mabamba iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, lakini nawaambia kwa uhakika kwamba kilichomlinda bulwe zaidi ni zamu hizo za mitumbwi, kwa sababu mvuvi aliyelipwa kumwonyesha mgeni ndege hana tena sababu ya kumchukia. Kazi iliyobaki ni ngumu. Bulwe hutaga yai moja hadi matatu, na kwa kawaida hulea kinda mmoja tu, kwa hiyo kiota kimoja kikivurugwa na moto wa mafunjo, au na mtumbwi uliosogea karibu mno ili mgeni apate picha, mwaka mzima wa jozi hiyo umepotea. Sisi tumekubaliana kusimama mbali, na mgeni anayeongeza fedha ili tusogee tunamkatalia.

Mkulima wa Kasese

Ndugu wa Mabamba, hilo la kumkatalia mgeni mwenye fedha limenigusa. Je, wale ambao hawana mitumbwi wanapata nini?

Mwongozaji wa Mabamba

Wanapata kidogo, nami sitaficha. Akina mama huuza chakula na vikapu mwaloni, lakini wanaochimba udongo na kukata mafunjo kwa ajili ya kuuza hawajapata badala yake, na ndio wanaotupinga.

Mhudumu wa afya, Buhoma

Salamu kutoka msitu wa Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda. Huku gorila wa milimani ndio wanaotuletea wageni, na sensa ya mwaka 2018 ilihesabu gorila 459 katika Bwindi pamoja na Sarambwe upande wa Kongo, katika jumla ya 1,063 waliopo duniani kote. Katika kila kibali cha kuwatazama, dola 10 hutengwa kwa ajili ya jamii, mbali na asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi. Fedha hizo zimejenga madarasa, lakini mimi napenda kusema juu ya upele.

Mwaka 1996 gorila wa Bwindi waliugua upele, na chanzo kilichoonekana ni nguo kuukuu zilizovishwa sanamu za kutishia wanyama mashambani. Gorila alipotoka msituni kula migomba alizigusa nguo zile, na ugonjwa wa nyumba maskini ukaingia katika familia ya gorila. Dakta Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa wanyama aliyewatibu, alianzisha baadaye, mwaka 2003, shirika linaloshughulikia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja. Ndiyo kazi tunayoifanya: tunapita nyumba kwa nyumba tukizungumza juu ya choo, maji ya kunawia, kikohozi kisichopona na uzazi wa mpango, na katika mazungumzo hayo hayo tunauliza kama gorila wamepita shambani. Mama ambaye mtoto wake ametibiwa upele hatuhitaji kumhubiria kuhusu gorila.

Gorila wakitoka, vijana waliofunzwa huwarudisha msituni kwa kelele na kengele, bila mkuki wala jiwe. Ni kazi ya hatari, na inastahili malipo ya kueleweka kuliko fulana na buti.

Mtegua mitego, Budongo

Mimi nitasema kwa ufupi. Katika msitu wa Budongo waya hutegwa kwa ajili ya paa na nguruwe mwitu, lakini sokwe hunasa mkono. Ana nguvu za kukata waya kutoka kwenye mti, ila hawezi kulifungua tanzi, nalo huendelea kukaza mpaka vidole vinaoza. Tunatembea msituni kutafuta waya hizo, na baadhi ya wawindaji walipewa mbuzi ili waache. Mbuzi husaidia pale tu daktari wa mifugo anapofika. Wakifa kwa ugonjwa, waya hurudi.

Mjukuu wa Batwa, Kisoro

Nimewasoma wote kwa heshima. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, wazee wetu Batwa, jamii iliyokuwa ikiishi ndani ya misitu hiyo, walitolewa msituni bila ardhi ya kuhamia, na wengi wameishi tangu hapo katika mashamba ya watu wengine. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu iliyowaunga mkono. Bibi yangu hana shamba ambalo tembo au gorila angeliharibu, kwa hiyo fidia mnayoizungumzia haimfikii. Anajua miti ya dawa, njia za nyuki na nyayo za kila mnyama, na baadhi ya Batwa huwaongoza wageni Mgahinga kwa ujuzi huo, lakini nafasi hizo ni chache. Ombi letu ni kwamba fedha za viingilio zinapopangiwa miradi, Batwa wawemo kikaoni tangu orodha inapoandikwa, kwa sababu mpaka sasa huitwa siku ya uzinduzi, kuja kucheza ngoma.