Mjadala: Hatusomi, au hatupewi cha kusoma? Mkataba wa bandari ulivyosomwa kijiweni kwetu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naleta hoja hii kwa uchungu, na ninayetofautiana naye naomba anijibu kwa hoja.

Wiki iliyopita mtangazaji wa redio moja, baada ya kupitia kurasa za mbele za magazeti ya asubuhi, aliurudia ule usemi: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kwenye maandishi. Mgeni wake akaitikia kwamba Watanzania ni watu wa mpira na umbea, maandishi hayawahusu. Nimeusikia usemi huo misibani, kwenye semina, hata kwa watu ninaowaheshimu sana. Kinachoniuma ni kazi unayofanya. Kiongozi akiulizwa kwa nini taarifa fulani haikutolewa, jibu liko tayari: hata ikitolewa, nani ataisoma? Mchapishaji akiulizwa kwa nini hachapi riwaya, jibu ni hilo hilo. Mhariri akiulizwa mbona habari nzito imewekwa ukurasa wa kumi na moja, naye anasema wasomaji hawaitaki. Mtu mmoja tu ndiye anayebebeshwa lawama zote, na huyo hayupo pale kujitetea.

Mimi nakataa, na ushahidi wangu ni Juni 2023.

Serikali ya Tanzania na Dubai walisaini makubaliano ya kuendeleza na kuendesha bandari zetu tarehe 25 Oktoba 2022. Wengi wetu hatukujua. Miezi saba na zaidi baadaye, azimio la kuyaridhia lilipokuwa linapelekwa bungeni, nakala ikaanza kuzunguka kwenye simu. Iliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, sentensi moja inajaza nusu ukurasa. Kwa mujibu wa ule usemi, pale ndipo mahali salama pa kuficha kitu.

Kijiweni kwetu Temeke wengi riziki yao inatoka bandarini: vibarua, madereva wa malori, vijana wa mawakala wa forodha, mama ntilie wanaowapikia wote hao. Kijana mmoja alikwenda steshenari akatoa kopi, tukachanga. Tuna mwalimu mstaafu, sisi tunamwita Mwalimu tu. Akavaa miwani, akawa anasoma ibara kwa Kiingereza, kisha anaifasiri polepole, na pale asipokuwa na uhakika anasema wazi, "Hapa sina uhakika, twende tumuulize mwanasheria." Tulikaa jioni tatu. Kahawa ilinywewa, lakini sijaona kijiwe kikitulia vile hata siku ya Simba na Yanga.

Ibara ya 23 ndiyo iliyorudiwa zaidi. Inasema kwamba pande hizo hazitakuwa na haki ya kujitoa, kusitisha wala kuvunja makubaliano katika hali yoyote, hata pakiwa na ukiukwaji mkubwa. Mwalimu aliombwa airudie mara nne. Mzee mmoja, kuli wa zamani, hakuwahi kupita darasa la saba, akauliza: "Sasa mpangaji akibomoa ukuta, mwenye nyumba anamtoaje?" Swali lile lile, kwa maneno mengine, lilikuja kuulizwa na mawakili kwenye kesi ya kupinga makubaliano hayo mahakamani Mbeya na kwenye tamko la maaskofu wa Katoliki lililosomwa makanisani Agosti ile. Yule mzee hakumsikia mtu yeyote kati ya hao kwanza. Alilitoa kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake.

Nisikilizeni na hili, maana kwangu ndilo kubwa zaidi. Jioni ya pili alikuja jamaa anapiga kelele kwamba bandari imeuzwa kwa miaka mia moja. Ilikuwa inasemwa kila kona wakati ule. Wale wale waliokuwa wamekasirishwa na Ibara ya 23 wakamwambia akae chini, aonyeshe hiyo miaka mia iko ibara gani. Akapekua. Hakuiona, kwa sababu haipo. Kosa la mkataba lilikuwa kinyume chake: haukutaja ukomo wa miaka, uliuachia mikataba itakayofuata. Kwa hiyo karatasi ile iliwapa watu sababu ya kuipinga serikali yao, na papo hapo ikawapa sababu ya kuukataa uongo uliokuwa upande wao. Ni magazeti mangapi mwezi ule yaliweza kufanya yote mawili?

Tarehe 10 Juni Bunge likaridhia. Tarehe 22 Oktoba 2023 ikasainiwa Ikulu ya Chamwino mikataba mahususi na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, tukaambiwa jukwaani kwamba ni ya miaka 30 na utendaji utapimwa kila baada ya miaka mitano. Huenda maswali mengi ya kijiweni yalijibiwa mle. Jioni ile Mwalimu alikuja na miwani yake mfukoni, akauliza kama kuna aliyepata nakala. Hakuna aliyekuwa nayo. Akanywa kahawa yake akaondoka.

Sasa niambieni, siku ile nani hakusoma?

Turudi nyuma kidogo, maana jambo hili lina historia. Sensa ya 1967 ilikuta karibu wawili kati ya kila watu wazima watatu hawajui kusoma. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, baada ya kisomo cha watu wazima, hesabu za serikali zilionyesha wasiojua wamebaki karibu mmoja kati ya kumi. Bibi yangu alikuwa mmoja wa waliojifunza akiwa tayari ana wajukuu. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wanakaa kikundi, redio inasema, kijitabu kinasomwa kwa sauti, wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba choo. Inakadiriwa watu karibu milioni mbili walishiriki. Bibi alisema alisoma kwa bidii kwa sababu kilichosomwa Jumatatu kilionekana uwanjani Jumamosi. Redio na maandishi vilisaidiana, na msomaji aliona kusoma kwake kunazaa kitu.

Linganisheni na miaka ya karibuni. Januari 2016 Nape Nnauye, wakati huo waziri wa habari, alitangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, itaacha kurusha vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, akitaja gharama ya shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Mwaka 2017 aliyemfuata, Dk. Harrison Mwakyembe, akaagiza redio na runinga zinapopitia magazeti ziishie kwenye vichwa vya habari, zisiingie ndani, ili watu wanunue. Naielewa hoja ya kibiashara ya wenye magazeti. Lakini mtu asiyekuwa na pesa ya gazeti alibakiziwa kichwa cha habari tu, kisha tukamlaumu kwamba anaishia kwenye kichwa cha habari. Magazeti ya Mawio, MwanaHALISI na Mseto yakafungiwa kwa nyakati tofauti, Tanzania Daima likafutiwa leseni Juni 2020, na yote manne yakarudishiwa leseni Februari 2022. Gazeti likikaa miaka nje ya meza ya muuzaji, msomaji wake halisubiri. Anahamia kwenye simu. Mei 2025 na mtandao wa X ukafungwa.

Kwenye vitabu ni hivyo hivyo. Mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya fasihi Oktoba 2021, kwa wiki nzima tulisemwa: mnashangilia mtu ambaye hamjamsoma. Tungemsomea wapi? Riwaya yake Paradise ilitoka 1994. Kwa Kiswahili, kama Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, imetoka 2022. Miaka 28 Mzanzibari aliyezaliwa na lugha hii alisomwa London kabla ya kusomwa Darajani, pale Unguja, na aliyelaumiwa ni mtu wa Darajani.

Sisemi kila kitu kiko sawa. Wapo watoto wanaomaliza msingi bila kuwahi kushika hadithi isiyo ya mtihani. Tangu vitabu vya kiada viliporudishwa chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2014, wachapishaji binafsi walipoteza soko lililokuwa linawawezesha kuchapa riwaya. Maktaba za mikoa zipo, lakini mtu wa Mbagala anayetoka kazini saa moja usiku aifikie saa ngapi? Hayo ni matatizo ya kweli na yanataka pesa. Ninachokataa ni kuyaita tabia ya watu.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu yenu:

Dada mwalimu wa sekondari ameandika kwamba kusoma mkataba kwa hofu ya kupoteza kibarua si utamaduni wa kusoma. Utamaduni ni kusoma bila kulazimishwa na shida. Dada yangu, nakubaliana nawe nusu. Kijiwe chetu hakikuanza kusoma riwaya baada ya pale. Lakini ni nani anayeanza kusoma bila shida? Bibi alianza kwa sababu alikuwa anapunjwa kwenye mizani ya pamba. Hadithi za wanyama alizowasomea wajukuu zilikuja baadaye. Shida ilimfungulia mlango, na mlango ukabaki wazi kwa sababu kila siku alikuwa na kitu cha kusoma.

Mwingine kasema wananchi hawakusoma, walisomewa na mawakili na wanasiasa wenye ajenda. Wapo waliosomewa, sikatai. Hata kijiweni wengi walimsikiliza Mwalimu. Kwetu Waswahili kusomewa kwa sauti na kusoma vimekaa nyumba moja tangu zamani. Tenzi zilisikika kwa watu wengi kuliko walioweza kushika kalamu. Muhimu ni kama msikilizaji anaweza kusema, rudia hapo, na anayesoma akarudia. Redioni huwezi kumwambia mtangazaji arudie. Jukwaani ndiyo kabisa.

Kaka aliyeandika kuhusu siri za kibiashara ameniletea hoja nzito kuliko zote. Anasema hakuna mwekezaji atakayekubali mkataba wake ubandikwe ukutani. Kaka, tunayo sheria ya mwaka 2015 ya uwazi na uwajibikaji katika uchimbaji wa madini, mafuta na gesi, na inataka mikataba ya sekta hiyo iwekwe wazi. Tuliona inafaa kwa dhahabu. Kwa nini isifae kwa gati? Kama kuna bei ambazo mshindani hapaswi kuzijua, zifunikwe. Muda wa mkataba, namna ya kuuvunja, ajira za waliokuwepo na mahali pa kupelekea ugomvi si siri za biashara. Na iwe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 tulibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Mkataba unaogusa bandari za bahari na maziwa ya nchi nzima usingojee mwalimu mstaafu wa Temeke aufasiri kwa hisani.

Kwa mzee wangu aliyeuliza kijiwe kinasoma nini sasa: kwa miezi mingi hakikusoma chochote, nakwambia kweli. Kopi ya mkataba bado anayo muuza kahawa, ukurasa wa Ibara ya 23 umechakaa kwenye mkunjo. Juzi Mwalimu alishauri tuanze na kitu kilicho karibu. Jumamosi tunakwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka iliyopita. Tukipewa, nitawaletea ilichosema. Tusipopewa, nitawaletea jibu tulilopewa, neno kwa neno.