Historia ya tiba ya muziki na tiba ya dansi ianzie wapi?

Mtafiti Mchanga
Ndugu zangu, ninaandaa somo fupi juu ya historia ya tiba ya muziki na tiba ya dansi, na kila kitabu ninachofungua kina masimulizi yaleyale: askari wa Marekani waliorudi kutoka vitani wakiwa wamevurugika akili, wanamuziki waliokwenda kuwapigia hospitalini, mafunzo ya chuo kikuu huko Michigan mwaka 1944, chama cha kitaifa mwaka 1950, na kwa upande wa dansi, mcheza dansi Marian Chace aliyeanza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya St. Elizabeths, Washington, mwaka 1942, kisha chama chao mwaka 1966. Mimi nimekulia Tanga, ambako ngoma ya kupunga pepo haikungoja vita vya mtu. Je, nikianza na ngoma nitakuwa nasahihisha kosa, au nitakuwa nafanya kosa jingine?

Mzee wa Ng'ambo
Mwanangu, anza nayo, lakini usiivishe koti la daktari. Mganga hutafuta kwanza ni pepo gani aliyempanda mgonjwa, kwa sababu kila kabila la pepo lina ngoma yake, nyimbo zake, mavazi yake na chakula chake: wa kirubamba ni wa Pemba, wa kihabeshi anadai mambo ya Uhabeshi, na kibuki asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, na Ngazija. Ikipigwa ngoma isiyo yake, pepo hapandi. Akipanda, huulizwa jina lake na anachokitaka, na aghalabu hafukuzwi moja kwa moja, bali hufanyika makubaliano baina yake na kiti wake, yaani huyo aliyepandwa, ambaye baadaye huingia katika kilinge na kuhudhuria ngoma za wenzake kwa miaka mingi. Ukiuchomoa muziki peke yake katika hayo yote ukauita tiba, kiti mwenyewe hataitambua.

Mwalimu wa Zumari
Nakubaliana na Mzee, ila ningependa kuongeza kwamba hata masimulizi ya Marekani yamekatwa kichwa. E. Thayer Gaston, aliyefundisha Kansas, huitwa baba wa tiba ya muziki, ilhali Eva Vescelius alikwisha kuanzisha chama cha fani hiyo New York mwaka 1903, na Margaret Anderton alifundisha somo hilo katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1919. (Wanawake hawa wawili hawakupewa hata cheo cha ushangazi.) Tena, huko Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi, aliyeandika katika karne ya 17, anawataja wanamuziki kumi waliokuwa wakiwapigia wagonjwa mara tatu kwa wiki.

Mpitanjia
Samahani, wazee wangu, mimi naona tunachanganya mambo mawili. Chama, mtihani, cheti na mshahara vina tarehe, na tarehe hizo ni za Marekani. Hakuna haja ya kuzikana. Kosa ni kuufanya mwaka ambao kazi ilipata cheti kuwa mwaka ambao watu walianza kutibiana kwa ngoma. Na hata Chace hakutoka patupu: alisomea dansi katika shule ya Denishawn, ambayo mwanzilishi wake mmoja, Ruth St. Denis, alipata sifa kwa michezo ya jukwaani aliyoibuni kwa kuiga taswira za India na Misri. Kwa hiyo Mashariki imo ndani ya masimulizi hayo tangu awali, ila imeingia kama pambo na wala si kama mwalimu.

Mtafiti Mchanga
Nawashukuru nyote. Nimeamua kuanza na mwaka 1942 wenyewe, niweke wodi ya St. Elizabeths na kilinge cha Tanga ubavu kwa ubavu, kisha niulize ni kwa nini kumbukumbu za wodi ziliwekwa chini ya utabibu na za kilinge chini ya mila na uchawi. Mzee, nikija Unguja nitakuomba unipeleke kwa fundi wa kibuki, kama ataniruhusu kukaa pembeni.

Mzee wa Ng'ambo
Karibu. Pembeni hapakaliwi, utapewa kayamba.